Taa Zinapozimika, Nani Atoe Hesabu?

Umeme ukikatika usiku katika kituo cha afya, muuguzi wa zamu hana nafasi ya kuuliza maswali. Anawasha tochi, anamwangalia mama aliyeko chumba cha kujifungulia, kisha anamtuma mlinzi akawashe jenereta, ikiwa dizeli ipo. Friji ya chanjo haifunguliwi tena mpaka asubuhi. Umeme ukirudi, kila mtu hushusha pumzi na kuendelea na kazi. Mara nyingi hakuna anayeandika kilichotokea, na wiki ikipita hakuna anayekumbuka.

Lakini umeme haukatiki bila sababu, na kila sababu ina mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuizuia. Je, mtu huyo anapaswa kumweleza nani? Kwa muda gani? Na akikaa kimya, atafanywa nini?

Katika makala hii tutaangalia jinsi Marekani ilivyoyajibu maswali hayo, baada ya kupata hasara kubwa. Tumechagua nchi hiyo kwa sababu uchunguzi wake umewekwa wazi, dakika kwa dakika, na kila mtu anaweza kujifunza kwake. Mwishoni tutarudi kwetu Afrika Mashariki na kuona jambo ambalo msomaji anaweza kuanza kulifanya wiki hii.

Gridi ni nini, na kwa nini huanguka?

Gridi ni mtandao mmoja wa mitambo ya kuzalisha umeme, njia kubwa za kuusafirisha, vituo vya kupozea na nyaya zinazofika majumbani. Tofauti na mahindi, umeme mwingi hauwekwi ghalani. Kiasi kinachozalishwa sasa hivi lazima kilingane na kiasi kinachotumika sasa hivi. Vikitofautiana sana, mitambo hujizima yenyewe ili isiungue.

Fikiria watu kumi waliobeba boriti nzito begani. Mmoja akiteleza, uzito wake unawaangukia tisa waliobaki. Kama wana nguvu ya ziada, watavumilia mpaka mwenzao ainuke. Kama kila mmoja alikuwa tayari amefika mwisho wa nguvu zake, wa pili ataanguka, kisha wa tatu, na boriti itakuwa chini kabla mtu hajapiga kelele. Ndivyo gridi inavyoanguka.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ilijizima, mitambo mingine ikalemewa, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Kisiwani Unguja, kebo iliyokuwa ikileta umeme kutoka bara ilipata hitilafu Desemba 2009. Kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya umeme wa gridi, watu walikaa bila umeme huo mpaka Machi 2010. Kebo ya pili, yenye uwezo mkubwa zaidi, ilizinduliwa mwaka 2013.

Wataalamu wana kanuni moja ya msingi kuhusu jambo hili: kupotea kwa kifaa kimoja, hata kikiwa kikubwa, kusiangushe vingine. Kanuni hiyo ni rahisi kuisema. Swali ni nani anahakikisha inafuatwa, hasa inapokuwa ghali.

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 2003

Siku hiyo ilikuwa ya joto katika jimbo la Ohio, lakini si joto la ajabu. Haya ndiyo yaliyotokea, kwa saa za huko:

• Saa 7:31 mchana, mtambo mmoja wa kuzalisha umeme wa Eastlake, kando ya ziwa Erie, ulijizima.

• Saa 8:14, programu ya kengele za tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy iliacha kufanya kazi. Waliokuwa zamu hawakujua.

• Saa 9:05, njia kubwa ya kilovolti 345 iligusa mti ikajizima. Wakati huo ilikuwa imebeba asilimia 44 tu ya uwezo wake.

• Saa 9:32 njia ya pili iligusa mti, na saa 9:41 ya tatu.

• Saa 10:05 njia nyingine muhimu ililemewa ikajitoa. Kuanzia hapo hakuna binadamu ambaye angeweza kuzuia. Kufikia saa 10:13, sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ilikuwa gizani.

Watu wapatao milioni 50, katika majimbo 8 ya Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada, walikosa umeme. Zaidi ya mitambo 500 ya kuzalisha umeme ilijizima. Katika jiji la New York watu walikwama ndani ya lifti na ndani ya treni za chini ya ardhi. Sehemu nyingine zilikaa siku nne kabla ya umeme kurudi.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba hapakuwa na tufani, tetemeko wala vita. Waya ukibeba umeme mwingi siku ya joto, hupata moto, hulegea na kushuka. Kama mkuza, yaani eneo lililo wazi chini ya njia ya umeme, umefyekwa ipasavyo, waya hushuka bila madhara. Ohio miti ilikuwa imeachwa ikue mno. Kabla ya hapo, waendeshaji wa kampuni jirani walikuwa wamepiga simu kusema kwamba wanaona mambo yasiyo ya kawaida. Waliopokea simu walitazama skrini zao, na kwa kuwa kengele hazikulia, waliamini kila kitu ni shwari.

Miti isiyofyekwa, kengele mbovu na simu zisizosikilizwa ni makosa madogo, yale yanayopatikana katika ofisi yoyote. Yalipokutana alasiri moja, yaliwaweka watu milioni 50 gizani.

Kanuni za hiari

Je, hapakuwa na kanuni kabla ya hapo? Zilikuwepo. Novemba 1965 giza kama hilo liliwapata watu wapatao milioni 30 katika eneo hilohilo. Baada ya hapo, mwaka 1968, makampuni ya umeme yenyewe yaliunda baraza la kuangalia uimara wa gridi. Baraza hilo, ambalo leo linajulikana kwa kifupi chake NERC, liliandika kanuni nzuri kuhusu mafunzo ya waendeshaji na mawasiliano kati ya majirani.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo zilikuwa za hiari. Kampuni iliyozifuata ilisifiwa na iliyozivunja ilikumbushwa. Wachunguzi wa mwaka 2003 waligundua kwamba kanuni kadhaa zilikuwa zimevunjwa, lakini hakuna aliyeweza kutozwa faini kwa kuzivunja.

Ripoti ya mwisho ya kamati ya pamoja ya Marekani na Kanada ilitolewa Aprili 2004. Ilikuwa na mapendekezo 46, na la kwanza kabisa lilikuwa hili: kanuni za uimara wa gridi ziwe za lazima, na anayezivunja aadhibiwe. Agosti 2005 Marekani ilipitisha sheria mpya ya nishati. Mwaka 2006 NERC ilipewa kibali cha kisheria cha kuandika na kusimamia viwango, chini ya uangalizi wa Tume ya Shirikisho ya Kudhibiti Nishati, FERC. Tarehe 18 Juni 2007 viwango 83 vya kwanza vikawa lazima. Sheria iliruhusu faini ya hadi dola milioni 1 kwa siku kwa kila kosa, na kiasi hicho kimepandishwa tangu wakati huo kufuata mfumuko wa bei.

Nani anaripoti nini, kwa nani, na lini?

Hapa ndipo penye kiini cha mfumo wenyewe. Msimamizi hawezi kukaa katika kila chumba cha kuongozea umeme, kwa hiyo anategemea taarifa. Sheria haikusema tu "mtoe taarifa". Ilitaja aina ya tukio, anayepaswa kuripoti na muda aliopewa.

1. Taarifa ya dharura. Matukio mazito, kama shambulio kwenye mitambo au gridi kugawanyika vipande, huripotiwa kwa Wizara ya Nishati kwa fomu maalumu. Makubwa zaidi huripotiwa ndani ya saa 1, mengine ndani ya saa 6. Taarifa ya mwisho, yenye maelezo kamili, hufuata ndani ya saa 72.

2. Taarifa ya tukio. Kiwango cha NERC kinataka mwendeshaji aripoti matukio yaliyotajwa ndani ya saa 24 tangu alipoyatambua, au kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata.

3. Taarifa ya kila robo mwaka. Makampuni yenye njia kubwa huripoti kila miezi mitatu iwapo miti imesababisha umeme kukatika kwenye njia hizo. Hili ni funzo la moja kwa moja kutoka Ohio.

4. Ukaguzi. Waendeshaji wakuu hukaguliwa kila miaka mitatu. Mkaguzi hataki kusikia "tulifyeka". Anataka kuona tarehe, mahali na kumbukumbu ya kazi iliyofanyika.

5. Kujiripoti. Kampuni inayogundua kosa lake yenyewe na kulisema mapema hupunguziwa adhabu. Inayoficha huongezewa.

6. Taarifa kwa umma. Kila mwaka NERC huchapisha tathmini ya hali ya gridi, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba meno ya sheria hiyo yanauma. Tarehe 26 Februari 2008 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Florida, baada ya fundi kuzima vifaa vya kinga wakati akitafuta hitilafu katika kituo kimoja cha kupozea umeme huko Miami. Oktoba 2009 kampuni ya Florida Power & Light ilikubali adhabu ya dola milioni 25. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye kuimarisha mfumo wake ili jambo hilo lisijirudie.

Pendekezo lililobaki kwenye karatasi

Hata hivyo, taarifa peke yake haiokoi mtu. Mfano wa Texas unaumiza kuusoma.

Februari 2011 baridi kali iligandisha mitambo mingi ya umeme katika jimbo hilo, na mamilioni ya watu wakakatiwa umeme kwa zamu. FERC na NERC zilichunguza na kutoa ripoti Agosti mwaka huohuo. Ilieleza wazi jinsi ya kuikinga mitambo na mabomba dhidi ya baridi. Lakini hayo yalikuwa mapendekezo tu. Kinga hiyo ina gharama, na baridi ya namna hiyo haiji kila mwaka, kwa hiyo wengi hawakuyafanyia kazi.

Miaka kumi baadaye, Februari 2021, baridi ilirudi ikiwa kali zaidi. Mitambo iliganda tena. Waongozaji wa gridi ya Texas walilazimika kuwakatia umeme mamilioni ya watu, tena kwa siku kadhaa, ili gridi yote isianguke. Ilibaki dakika 4 na sekunde 37 tu ianguke kabisa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi walikufa kwa baridi ndani ya nyumba zao. Wengine walivuta hewa ya sumu walipojaribu kujipasha moto kwa jenereta, majiko au magari ndani ya nyumba.

Kulikuwa na kosa jingine, dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo. Vituo vingi vya gesi vilivyokuwa vikilisha mitambo ya umeme havikuwa vimeandikishwa kuwa watumiaji muhimu wasiokatiwa. Kwa hiyo umeme ulipokatwa, vituo hivyo navyo vilikatiwa, gesi ikapungua, na umeme ukazidi kupungua. Fomu ambayo haikujazwa wakati wa amani ilidai malipo yake wakati wa dhiki.

Baada ya hapo jimbo lilitunga sheria ya kulazimisha kinga dhidi ya baridi, na viwango vya lazima vya NERC kuhusu maandalizi ya baridi vilianza kutumika mwaka 2023. Somo lilikuwa lilelile la mwaka 2003, isipokuwa safari hii watu walikuwa wamekwisha kuandikiwa dawa, wakaiweka kabatini.

Wastani unavyoweza kuficha

Tumezungumza juu ya gridi kubwa. Umeme unaokatika mtaani, kwa sababu nguzo imeoza au transfoma imeungua, hupimwa kwa njia nyingine. Wadhibiti wa nchi nyingi, zikiwemo za kwetu, hutumia vipimo viwili vinavyojulikana kama SAIDI na SAIFI. Cha kwanza ni wastani wa muda ambao mteja mmoja alikosa umeme katika kipindi fulani. Cha pili ni wastani wa idadi ya mara alizokatikiwa.

Tuchukue mji wenye wateja 1,000. Katika mwaka mzima, wateja 200 walikatikiwa mara moja kwa saa 3, na wengine hawakukatikiwa kabisa. Zidisha 200 kwa 3 upate saa 600. Gawanya kwa wateja wote 1,000. Jibu ni saa 0.6, yaani dakika 36. Ripoti itasema kwamba mteja wa mji huo alikosa umeme kwa wastani wa dakika 36. Ni kweli, lakini hakuna hata mteja mmoja aliyekaa gizani dakika 36. Wako 200 waliokaa saa 3, na 800 ambao hawakujua kama kuna tatizo.

Kwa hiyo ukisoma takwimu za namna hii, jiulize mambo matatu. Je, zimegawanywa kwa wilaya na maeneo, au ni za nchi nzima tu? Je, matengenezo yaliyopangwa na siku za tufani zimehesabiwa au zimeondolewa? Na je, tukio linaingiaje kwenye hesabu? Kama linategemea mteja kupiga simu, kijiji kisichopiga simu kitaonekana kwenye ripoti kama kijiji chenye umeme wa uhakika.

Na huku kwetu?

Mambo haya si ya mbali. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika gridi ya taifa ilizima umeme nchini Tanzania. Gridi za nchi zetu pia zinaendelea kuunganishwa. Kenya na Uganda zimeunganishwa kwa miaka mingi, na njia ya kilovolti 400 kati ya Kenya na Tanzania ilianza kutumika Desemba 2024. Muungano huu ni baraka, kwa maana jirani mwenye ziada humsaidia aliyepungukiwa. Lakini kama Ontario ilivyolala gizani kwa ajili ya miti ya Ohio, uzembe wa mmoja unaweza kuwa giza la wote.

Wadhibiti wapo. Tanzania Bara kuna EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Zanzibar kuna ZURA, Kenya EPRA chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na Uganda ERA. Mteja mwenye malalamiko huanza kwa shirika linalomuuzia umeme. Asiporidhika, hupeleka kwa mdhibiti. Asiporidhika na uamuzi wa mdhibiti, zipo ngazi za rufaa: Tanzania Bara ni Baraza la Ushindani, na Kenya ni Baraza la Nishati na Petroli.

Lakini mdhibiti, kama tulivyoona, hufanya kazi kwa taarifa. Malalamiko yanayosema "umeme hukatika sana" hayana pa kushikwa. Yanayosema "mwezi Machi umeme ulikatika mara 11 katika transfoma ya shule, jumla saa 38, na hizi hapa tarehe" yanaweza kulinganishwa na kumbukumbu za shirika. Kama kumbukumbu hizo hazina matukio hayo, hilo nalo ni jambo la kuulizwa.

Anzisha daftari la umeme

Zahanati, shule, kikundi cha wasagishaji au ofisi ya mtaa inaweza kuanza na daftari la kawaida na kalamu. Chora mistari na uandike:

• Tarehe, saa umeme ulipokatika na saa uliporudi.

• Jina la eneo, na namba ya transfoma au nguzo kama inaonekana.

• Kama kulikuwa na tangazo la matengenezo kabla.

• Saa mlipotoa taarifa kwa shirika la umeme, na namba ya taarifa mliyopewa.

• Madhara: chanjo zilizoharibika, kifaa kilichoungua, lita za dizeli zilizotumika.

• Hatari mliyoiona kabla: mti unaogusa waya, nguzo iliyoinama, waya ulioshuka.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Msiusogelee waya wala msijaribu kuukata mti wenyewe, bali toeni taarifa na kuiandika. Chagueni mtu mmoja wa kutunza daftari na mwingine wa kumsaidia asipokuwepo. Kila baada ya miezi mitatu jumlisheni, tengenezeni nakala mbili, moja kwa shirika la umeme na moja kwa mdhibiti, na mbaki na daftari lenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mara ya mwisho umeme ulipokatika katika eneo letu, nani alitoa taarifa? Alijibiwa nini?

2. Je, kuna mti, nguzo au waya ambao sote tunaufahamu kuwa ni hatari, lakini hakuna aliyeuandika?

3. Zahanati yetu ina mpango gani kwa saa sita za kwanza bila umeme? Umeandikwa wapi?

4. Katika kikundi chetu chenyewe, ni mapendekezo gani tuliyokubaliana ambayo mpaka leo yamebaki kwenye karatasi?